Jina la Fundi Lililofutwa na Mkewe

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anabana pumzi. Mbele yake, chini ya hadubini, amelala mbawakawa wa majani, mdogo kama punje ya mchele. Akipumua ovyo, mdudu atapeperuka.

Anampasua tumbo kwa ncha ya sindano.

"Rangi inadanganya," anasema bila kuinua macho. "Ukitaka kujua huyu ni nani hasa, tafuta dume, utazame viungo vyake vya uzazi. Zamani nilikuwa naona haya kuwaeleza wakwe zangu kazi hii. Siku hizi wanauliza wenyewe."

Yeye ni mtafiti wa jumba la makumbusho. Hupanga mbawakawa wanaokula majani kwa koo zao, na wale ambao sayansi haijawajua, huwaeleza kwa maandishi na kuwapa majina. Majirani humwita Bibi Vidudu. Amezipa majina spishi thelathini na moja, lakini moja aliifuta kwa mkono wake.

"Huyo alikuwa wa mume wangu," anasema.

Mumewe alikuwa fundi wa magari. Likizo zake zote ziliishia msituni, akimwendesha mkewe. Siku moja gari likagoma njiani. Fundi akiwa ameinamia injini, akaona kitu cha bluu kinang'aa kwenye jani kando ya barabara.

"Mama watoto, hebu njoo! Huyu unaye?"

Hakuwa naye. Walipata watatu, wote majike. Akawalinganisha na kila mdudu aliyekuwa kwenye droo za makumbusho, hakuona wa kufanana nao. Akaandika kuwa ni spishi mpya, akaipa jina la mumewe.

Fundi alitembea kifua mbele. Alibandika picha ya mbawakawa ukutani gereji, na wenzake wakambatiza Mdudu. Mteja akibishana bei, aliambiwa, "Hayo kaongee na Mdudu."

Miaka sita baadaye, katika msitu uleule, mama huyu alikuta mbawakawa wawili wamepandana. Jike alikuwa wa bluu, wa fundi. Dume alikuwa mwekundu, wa spishi iliyopewa jina na mtu mwingine kabla yeye hajazaliwa.

"Nikatunza mayai yao. Wakatoka wekundu na wa bluu, baba mmoja mama mmoja. Kumbe wa bluu alikuwa jike tu wa yule mwekundu."

Kanuni ya kazi yao haina huruma: jina la kwanza ndilo linalobaki. Alikwenda moja kwa moja gereji, akamweleza mumewe palepale, mafundi wote wakisikia.

Fundi akasema, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa mke wa mtu!"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake picha haikuwepo ukutani.

"Nilimuuliza, akasema imeingia mafuta," anasimulia, akifuta lenzi ambayo tayari ni safi. "Ningengoja arudi nyumbani. Sijui haraka ile ilikuwa ya nini."

Alimwahidi mwingine. Droo yake ilikuwa na mbawakawa wa kahawia, wa ukoo tofauti, anayefaa kabisa. Lakini aliyeungua mara moja huogopa jiko: safari hii alitaka dume kwanza. Miaka ikapita. Fundi akawa anamtania mezani, "Vipi, mchumba wangu mpya bado hajapatikana?" Naye akijibu, "Subiri kidogo, sina uhakika."

Mwaka jana moyo wa fundi ulisimama akiwa kazini.

"Pale pa kusubiri nilikimbia. Pale pa kukimbia nikakaa," anasema. "Nikimpa jina sasa, atamwonyesha nani?"

Hata hivyo hajaacha. Alikookotwa yule wa kahawia ni mwendo wa nusu siku kwa gari, na maisha yake yote yeye ni abiria. Kila Jumamosi binti yake humfundisha kuendesha kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala.

"Mama, breki taratibu! Utatuvunja shingo."

"Wewe shika mkanda, unyamaze."

Mvua zikianza, majani mapya yakichipua, anakusudia kwenda huko mwenyewe.

"Nikimpata dume, nitamweleza vizuri kwa maandishi," anasema. "Nisipompata, nitaandika kwamba sikumpata, na jina la mume wangu nitampa hivyohivyo. Atakayekuja nyuma yangu akiona nimekosea, anisahihishe."