Siku Niliposimama ku Kiganja cha Muchuuzi

Juzi, kisha misa, mjukuu wangu alinishika mkono tukashuka ziwani hapa Baraka. Vijana walikuwa wamejaa na simu zao. Mmoja anaruka juu, mwenzake anampiga picha akiwa bado hewani. Mwingine amekunja vidole kama anabana jua lisizame. Mjukuu akaniambia, “Tate, simama kule mbali, rafiki yangu anyooshe mukono, utaonekana umesimama mu kiganja yake.” Nikakataa. Akadhani ni haya ya wazee, akanibembeleza. Nikamwambia, “Mi nilishasimama pale mara moja. Inatosha.” Nikakaa chini kwenye mchanga. Yeye akaenda kucheza na wenzake, mimi nikabaki na mambo yangu.

Wewe unayesoma, kama ulikulia huku, unajua ufuko wetu ulivyokuwa. Mchanga ulikuwa mpana, na asubuhi ulikuwa mweupe wa ndakala, dagaa zetu, zilizoanikwa. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza na kufukuza kuku na kunguru. Harufu ya samaki ilikuwa mu nywele, mu nguo, hata mu kitanda. Nilikuwa mwaka wa tano pa masomo. Mwalimu alisema nina kichwa cha hesabu, na tate yangu, mama ya baba, alirudia neno hilo kwa kila jirani aliyekuja kuomba moto. Mchana alinipikia sombe ya majani ya mihogo na mawese, na bugali ngumu. Alisema bugali laini inalea mtoto mlegevu.

Kila siku boti ya abiria ilipofika, mpiga picha alishuka nayo. Watu walivaa vizuri, wakasimama wamekakamaa kama wanangoja sindano. Mwalimu aliweka kalamu mbili mfukoni. Bamama walipakata redio hata kama haikuwa yao. Lakini mpiga picha wa safari ninayosimulia hakupenda mambo hayo. Alikuwa mtu wa mawazo. Alimpanga mama mmoja mpaka jua likakaa juu ya kichwa chake kama kapu. Alimpanga mvuvi mmoja aonekane anainua mtumbwi kwa vidole viwili. Watu walicheka, wakapanga mstari.

Muchuuzi mmoja wa Lubondja alikuwa pale. Alinunua ndakala kwetu na kuzipandisha milimani kwa kinga, baiskeli yake. Alikuwa mtu mzima, bila bibi bado. Mpiga picha akamwambia anyooshe mkono, afungue kiganja. Kisha akapiga kelele upande wangu, “We mutoto ya samaki, panda pale ku jiwe. Simama, usicheze.” Jiwe lilikuwa mbali, ukingoni mwa maji. Nilipanda na beseni yangu kichwani, kwa sababu mkubwa akisema unafanya. Nilidhani ananiondoa njiani. Nikaangalia ziwa mpaka aliposema nishuke. Sikujua kama na mimi nilikuwa ndani ya picha.

Boti iliporudi safari nyingine, ilileta picha. Muchuuzi ameonekana mkubwa, anacheka, na juu ya kiganja chake amesimama msichana mdogo mwenye beseni. Watu wa ufukoni walicheka sana. Kisha mama mmoja akainama, akaangalia vizuri, akasema, “Lakini huyu si wa kwetu?” Kicheko kikaisha polepole.

Lazima uelewe wakati ule. Picha ya mwanaume na msichana pamoja ilipigwa tu wazazi wa pande mbili wakishasikilizana. Kabla ya hapo, ni kama kumtoa mtoto wa watu ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Muchuuzi hakusema uongo. Aliipeleka Lubondja kuchekesha ndugu zake, ndiyo hivyo tu. Lakini bajomba zake hawakucheka. Waliona kijana wao amembeba msichana mkononi, mbele ya Baraka nzima. Wakasema hiyo haibaki hivyo. Wakateremka kwetu kuposa, na mbuzi, na kikwembe kipya, nguo ya tate.

Baba alinitoa jikoni. Akanipa picha.

“Ulifika mu mukono ya huyu mwanaume namna gani?”

“Sikufika, baba. Nilikuwa mbali, ku jiwe.”

“Mbali wapi? Si iko hapa.” Akaweka kidole juu yangu, nikafunikwa nikaisha.

Nilijua kinachosubiri. Wakijibiwa ndiyo, naenda Lubondja kukaa kwa mama ya muchuuzi mpaka nikomae, na masomo yanaishia pale.

Tate aliingia katikati ya wanaume bila kuitwa. Aliishika picha, akaigeuza, akaipima na kidole chake kidogo. “Bababa,” akasema, “kama hii kitu inasema kweli, mujukuu wangu iko na urefu ya kidole. Nani anakuja na mbuzi kuoa kidole?” Wote wakacheka, hata wageni. Mimi pia, nyuma ya mlango, nilicheka, nikafikiri imekwisha. Ndipo mjomba mkubwa wa Lubondja akapangusa macho, akajibu taratibu, “Mama, kidole inakomaa.”

Tate hakukubali. Alimshika baba mkono, mtu mzima na ndevu, akamburuta mpaka ufukoni. Alimsimamisha pale aliposimama mpiga picha. Jirani mmoja akasimama pa muchuuzi, mkono wazi. Mimi nikatumwa ku jiwe na beseni. Nilisikia tate anapiga kelele, “Funga jicho moja. Inama. Inama tena. Sasa, mutoto iko wapi?”

Baba aliinama, akakaa vile muda mrefu. Nilimwona alipoona. Mabega yake yalishuka. Alifungua jicho lingine, akaangalia mchanga wote uliokuwa kati ya jirani na mimi, pamoja na ndakala zilizoanikwa. 

“Nimeona,” akasema.

Tate akasema, “Basi rudisha mbuzi ya watu.”

Lakini nyumbani moshi ulikuwa unapanda. Banduguye baba walikuwa wamechinja mbuzi tuliposhuka, na majirani walikuwa wanakula maini. Kwetu, mbuzi wa wageni akiliwa, jibu limetolewa. Baba aliangalia nyungu, akaangalia mama yake. Akakaa chini pamoja na wengine, akapokea bakuli. Tate hakula. Kikwembe kile hakukivaa mpaka anazikwa.

Nilipanda Lubondja nyuma ya shangazi ya muchuuzi. Muchuuzi alisukuma kinga mbele yetu. Kwenye mlima wa kwanza alinisubiri, akasema bila kunitazama, “Mi nilikuwa nachekesha tu.” Nilimwamini. Haikusaidia kitu, si kwangu, si kwake. Kule nilijifunza kulima mihogo na karanga, na milima imefunga pande zote, ziwa halionekani. Mvua ikinyesha nilienda nyuma ya nyumba kusikiliza maji yakipita, nikahesabu hesabu za mwalimu kichwani mpaka zikaisha zote.

Alikuwa mume asiyepiga. Sitamsema vibaya, amekwisha kulala. Picha aliitundika ukutani, na watoto wetu walipenda kuionyesha wageni, wakasema baba alimbeba mama tangu zamani. Mara ya kwanza nilieleza. Kisha nikaacha. Iliungua na nyumba, mwaka wa kukimbia vita.

Miaka hii ziwa limepanda. Ule ufuko mpana haupo tena, na jiwe liko chini ya maji. Mpiga picha, baba, tate, muchuuzi, wote wamekwenda. Aliyeinama na kufunga jicho akaona kweli alikuwa baba peke yake. Nimebaki mimi wa kusema kwamba kati ya ule mkono na mimi kulikuwa mchanga mrefu, na mimi nilikuwa nimeangalia upande mwingine.