Simu Niliyoizima Njiani Kwenda Kalehe

Mtu wa kwanza kutuona vizuri alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage juu ya njia, kabla ya kufika Birava. Aliona wasichana watatu wanakuja kwa miguu, kila mmoja na mkoba mkubwa mgongoni na blanketi limefungwa juu yake. Akaacha jembe.

"Munakimbia nini? Vita iko wapi?"

"Hapana vita, maman," mwenzetu wa Uvira akamjibu. "Tunatembea tu."

"Munatembea muende wapi?"

"Kalehe."

"Na gari haiko? Na boti haiko?"

"Iko. Siye tunataka kuona ziwa."

Yule mama akalitazama ziwa, ambalo lilikuwa pale chini kama siku zote, kisha akatutazama sisi. Akaanza kuita watoto wake warudi nyumbani. Hakutuamini, na simlaumu. Kwetu huku mtu akionekana barabarani na blanketi mgongoni, huyo hatembei, anahama. Mimi mwenyewe nimewahi kuhama hivyo, nikiwa na sufuria kichwani, kwa hiyo hata sijui nilikubalije jambo lile.

Wazo lilikuwa la yule wa Uvira. Tulikuwa tukikaa pamoja Cimpunda, Bukavu, katika foyer, bweni la wasichana wanaojifunza kushona, kumi katika chumba kimoja, vitanda vya kupandana. Alikuwa ameona katika simu vijana wa Kizungu wakitembea kando ya bahari siku nyingi, mizigo mgongoni, wanalala popote. "Batu bazima na akili zao," alisema, "banatembea na hakuna mwenye kubafukuza!" Jambo hilo lilituchekesha wiki nzima. Halafu likaacha kuwa la kucheka, likawa la kufanya. Yeye ni wa familia ya Waislamu wafanyabiashara, wazee wake walitoka upande wa pwani na vitambaa zamani, na kila nilipolalamika juu ya milima alinipiga na maneno hayo: "Babu yangu alitoka ku bahari na miguu, weye unashindwa na Kalehe?"

Wa tatu ndiye aliyelala kitanda cha chini ya changu. Huyo alikuwa wa Kalehe, na ilikuwa likizo, kwa hiyo alikuwa anarudi nyumbani kwa vyovyote. Kwa mama yake, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kando ya maji. Simu yake ilikuwa imevunjika kioo, haiwaki, ndiyo maana alikuwa ameacha namba yangu kwao. Nayaeleza haya yote ili isije ikasemwa kwamba nilijiingiza.

Usiku wa kwanza tulilala Birava, kwa shangazi yangu. Siku ya pili, upande wa Luhihi, kama saa sita, wenzangu walishuka kunawa miguu. Mimi nilibaki na mizigo. Simu ikalia, namba siijui.

"Weye njo uko na mutoto wetu?" Sauti ya mwanaume. Akajieleza: mjomba wake.

"Ndiyo, tonton."

"Iko karibu yako?"

"Hapana, ameshuka ku maji."

"Basi sikia. Mama yake ametuacha leo asubuhi. Kichwa kilimuuma jana magaribi, asubuhi hakuamuka. Usimwambie. Sema mama iko na homa kidogo, mumulete. Tunawangojea."

Nikasema ndiyo, tonton. Nikasema pole. Akakata.

Hakusema watazika lini, nami sikuuliza. Nimelirudia jambo hili mara nyingi. Naona kwamba mtu akikuambia wamefiwa, huwezi kumwuliza saa hiyo hiyo wanazika lini. Inakuwa kama unawaharakisha. Lakini labda ni mimi tu nisiyeweza, na mwingine angeuliza.

Kwetu kifo hakisemwi kwa simu, wala hakisemwi njiani. Mtu aliyefiwa analetwa kwanza, anakalishwa, wamama wanamzunguka ili akianguka asiumie, ndipo anaambiwa. Baba yangu alipokufa mimi niliitwa nyumbani, ati twende hospitali kumtolea damu. Nilikwenda mbio, mkono nimeshaukunja, nikakuta viti vya kukodi vimepangwa uani kwetu. Sikuwahi kuwakasirikia walionidanganya. Niliona walinibebea mzigo kwa muda wa njia nzima. Kwa hiyo mjomba aliponiambia nisiseme, sikuona amenipa kazi mbaya. Niliona ameniheshimu.

Yule wa Uvira nilimwambia. Mwenzetu wa Kalehe alikuwa amebaki nyuma akifunga viatu. Wa Uvira alisimama akashika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mwambie sasa."

"Tonton amekataza."

"Basi tuite motari, twende mbio na pikipiki. Maiti haingojake."

"Hiyo ni kwenu Waislamu. Siye tunangoja batoto bote bafike. Baba yangu alingojewa siku tatu."

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema. "Ni batu benu. Weye njo unajua desturi yenu."

Nataka niwe mwenye haki kwake: alisema mara moja, akasema vizuri, akaniachia kwa sababu mimi ni Mukatoliki na marehemu alikuwa Mukatoliki. Baba yangu alingojewa siku tatu kweli. Lakini alingojewa Bukavu, katika nyumba ya maiti yenye mashine ya baridi. Kule kijijini kwao mwenzetu hakuna hata barafu ya kuwekea samaki. Hilo sikuliwaza. Nilikuwa nimeshika desturi tu, nikasahau kwamba desturi nayo inahitaji umeme.

Mwenzetu alipofika nilimwambia mama ana homa kidogo, na kwamba kwao wanamtaka afike.

"Homa? Mama? Yeye hagonjwake." Akawaza. "Tuite motari."

Pikipiki mbili zilikuwa zimesimama pale juu, kwenye njia, vijana wamelala juu ya viti wakingoja abiria. Ningeinua mkono tu.

"Ni homa kidogo," nikasema. "Kesho tutafika na miguu. Ku barabara kuko bizuizi, unajua vile banafanya basichana."

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza, na ni ya kweli. Siku hizi kila baada ya mwendo kidogo kuna kamba barabarani na mtu mwenye bunduki, na tulikuwa tumesikia habari za wasichana walioshushwa. Sababu ya pili sikuisema: nilitaka alale usiku mmoja tena akiwa na mama. Niliona ni zawadi. Sababu ya tatu haikuwa katika daftari nililokuwa nikiandikia safari yetu siku ile. Niliiongeza baada ya majuma kadhaa, kwa peni ya rangi nyingine: nilitaka tumalize safari yetu. Tulikuwa tumebakiza siku moja tu. Nilitaka nirudi Cimpunda niseme nilifika Kalehe kwa miguu.

Halafu nikaizima simu. Niliogopa kwamba mdogo wake anaweza kupiga akilia, na mwenzetu akaishika yeye.

"Chaji inakwisha," nikamwambia. Ilikuwa imepita nusu.

Tukaendelea. Njia ya kando ya ziwa inapanda na kushuka, inaingia katika migomba, inatoka, maji yanaonekana tena. Sikuona kitu. Niliangalia mgongo wake, jinsi blanketi lilivyochezacheza, nikawa nahesabu hatua, nikipotea naanza upya. Watu waliendelea kutuuliza tunakimbia nini, na yule wa Uvira hakuwa tena na nguvu ya kuwajibu. Alisema "Amani tu, amani tu," akapita.

Jioni tulifika Kabamba. Mjane mmoja alitupa chumba na akatupikia bugali na sambaza. Mwenzetu alipoziona sambaza akaanza kumwigiza mama yake, jinsi anavyowapiga kwa maneno wanunuzi wenye kuchaguachagua. Alisimama katikati ya chumba, mkono kiunoni, mdomo umepinda.

"Maman, weye unanunua ao unaposa? Sambaza yangu si ya macho, ni ya mudomo! Kama unataka muzuri wa sura, enda ku kanisa, bwana harusi bako kule!"

Mjane alicheka mpaka akakaa chini. Mwenzetu naye akacheka, akakohoa, akafuta macho. "Akipona nitamwambia namna nilimuchekesha mutu na maneno yake," akasema. Nilicheka mimi pia. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu niliogopa nikinyamaza ataona. Yule wa Uvira alitoka nje, akasema moshi unamwumiza macho.

Siku ya tatu mwenzetu aliamka kabla yetu, akatutangulia. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kazini. Mimi kisigino kilikuwa kimechubuka, na niliwaita mara nyingi wasimame. Kilikuwa kimechubuka kweli. Lakini hakikuwa kimechubuka kiasi nilichosema. Kila tulipokaribia nilitaka kukaa chini.

"Kisigino gani hii?" akaniuliza, amekasirika sasa. "Nikubebe?"

"Tangulia basi."

"Nikutangulie, halafu motari bakupate peke yako? Simama. Tuende."

Alinirudia mara tatu. Lazima niliandike hilo. Angeniacha, angefika mbele.

Tulipopita Kasheke tukaanza kukutana na watu wanaotoka upande tuliokuwa tukienda. Wamama katika vitenge safi, makundi madogo, hawazungumzi. Baba mmoja amebeba begani pauro, sepetu yenye udongo mbichi. Walimtazama mwenzetu na wakainamisha kichwa. Mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Banatoka wapi hawa?" mwenzetu akauliza. "Nani amekufa?"

Yule wa Uvira akamshika mkono. Ndipo mama mmoja mnene akaacha kundi lake, akaja akamkumbatia pamoja na mkoba wake, akamwita mwanangu, mwanangu, na akasema mambo mengine kwa lugha ya kwao ambayo mimi siielewi vizuri. Lakini mwenzetu aliyaelewa. Alijitoa katika mikono yake, akakimbia, mkoba ukimpiga mgongoni.

Tulipofika uani, alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mbele ya udongo uliorundikwa. Hakuwa analia bado. Watoto wawili walikuwa wanakusanya majani ya migomba yaliyotandikwa kwa ajili ya wageni. Mjomba alikuja kwetu akifuta mikono katika suruali. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Tumepiga simu tangu jana magaribi," akasema. "Haipite. Asubuhi tena, haipite. Tulikuwa tunataka kusema mukamate pikipiki, tunazika saa sita. Tumengoja mpaka saa nane. Mwili ulikuwa umeanza kuharibika. Na bale benye bunduki balisema saa tisa hawataki kuona batu bamekusanyika." Akatugeukia. "Simu ilikuwa na nini?"

"Alisema haina chaji," mwenzetu akasema. Aligeuka. "Ulijua tangu lini?"

Yule wa Uvira alifungua mdomo. Najua angenisaidia, angesema tumepigiwa asubuhi ile. Saa ya mjomba mkononi ilikuwa saa tisa na dakika chache.

"Tangu jana saa sita," nikasema. "Ulikuwa unanawa miguu."

"Jana."

"Ndiyo."

"Chaji ilikuwa."

"Ilikuwa."

Nilidhani atauliza juu ya pikipiki zile za Luhihi.

"Na ku Kabamba," akasema, "uliniacha nicheke."

Wamama wakaja wakamchukua, wakamkalisha, wakamzunguka kama inavyotakiwa, na hapo ndipo akalia.

Tulikaa matanga siku tatu. Nilichota maji, nilimenya mihogo, kazi yoyote niliyopewa niliifanya mpaka mwisho. Mjomba aliniita pembeni akaniambia kosa ni lake, alipaswa kusema saa ya kuzika kwa simu ya kwanza. Sikubali kwamba ni lake lote. Lakini pia sisemi ni langu lote, maana hiyo nayo ingekuwa namna ya kujitukuza. Yule wa Uvira hajawahi kuniambia "si nilikuambia?" Hata mara moja, mpaka leo. Wakati mwingine natamani aseme.

Wamama walimweleza mwenzetu sura ya mama yake ilivyokuwa. Walisema ilikuwa imetulia. Wanasema hivyo siku zote.

Siku ya nne asubuhi alitukuta tunafunga mizigo. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekauka. Alisema harudi kushona, kuna wadogo watatu. Alimuaga yule wa Uvira kwa kumkumbatia. Mimi alinipa mkono.

"Ukifika ku foyer," akaniambia, "ubaambie. Siku ile ile. Usibakalishe kwanza, usiseme mama yangu iko na homa. Ubaambie."

Tulirudi kwa pikipiki. Hatukushushwa popote, pale kwenye kamba walitutazama tu, wakatuacha.

Kule foyer wasichana walikuwa uani, wanafua. Waliposikia lango walipiga vigelegele, wakaanza kutania: wazungu wamefika, wazungu weusi wamechoka, mwenzenu mumemuuza wapi? Nikasema, mzigo bado uko mgongoni, "Mama yake amekufa. Wamezika. Hatukuwahi kwa sababu yangu."

Mmoja wao, mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa akisukwa na mwenzetu kila Jumamosi, aliangukia beseni na maji yakamwagika hadi ukutani. Wengine wakapiga kelele. Msimamizi akatoka ofisini, akaelewa, akaja kwangu kwa hasira.

"Njo vile banakufundisha kwenu? Mutu anatupa kifo mu mulango kama takataka? Huna hata haya ya kubakalisha kwanza?"

Niliweka mzigo chini, nikaenda kumwinua yule mtoto kutoka katika maji.