Meza ya Zubeda

Mama yangu, Mwanamvua, ana jicho moja. La kushoto alilipoteza siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam, Agosti ya mwaka tisini na nane. Hapa Mbwawa hiyo si habari. Hata watoto wanajua wakimfuata wapite upande wa kulia.

Siku hiyo hakupaswa kuwa kule. Meza ya vitumbua karibu na ubalozi ilikuwa ya Zubeda, shoga yake wa tangu usichana. Zubeda alikuwa na mwali wa kutolewa nje baada ya kufundwa, kwao Kisarawe, na mwali hasubiri mtu. "Nishikie meza, shoga, leo tu," akamwomba. Mama akaniacha kwa jirani, mimi bado mchanga, akaenda. Kishindo kilipotokea alikuwa anamfungia dereva mmoja vitumbua kwenye gazeti. Vioo vikamnyeshea. Kilichomtoka mdomoni ni, "Mwanangu hajanyonya!" Alilirudia hilo mpaka wakamfikisha hospitali.

Zubeda alikuja wodini kila siku. Alimwogesha, akamlisha uji, kisha akamwambia, "Hebu nisimulie tena." Mlio ulikuwaje? Moshi ulinukaje? Na wewe ulisema nini? Mama alisimulia, akasimulia tena, na akisimulia alipata nafuu. Miaka yote hii ametuambia hakuna aliyemsikiliza kama Zubeda. Mimi pia nilimpenda.

Mwaka huu alitualika Kisarawe, mjukuu wa dada yake anatolewa nje. Tulipofika tulimkuta uani, kazungukwa na wageni tusiowajua, anasimulia. Tukaketi jamvini. Nikasikia vitumbua, nikasikia gazeti, nikasikia vioo vinanyesha. Kisha yeye, ambaye hajawahi kuzaa, akashika kifua na kulia, "Mwanangu hajanyonya!" Wanawake wakafuta machozi kwa ncha za khanga.

Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa nimekaa palepale, mtu mzima, nimeshika sahani ya pilau. Ndipo nilipoelewa kule wodini alikuwa anafanya nini: alikuwa anakariri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza kukuogesha pia.

Mgeni mmoja akamgeukia mama. "Pole, dada. Na hilo jicho lilipatwa na nini?"

Kabla mama hajafungua mdomo, Zubeda akadakia. "Huyo alichomwa na kijiti, akitafuta kuni."

Nikamtazama mama. Kwetu, siku ya mwali kutoka hapagombwi uani. Ugomvi wa siku hiyo humfuata binti mpaka kwenye nyumba yake. Ngoma zilikuwa zimeshaanza kupashwa moto. Zubeda aliyajua hayo kuliko sisi sote.

"Kijiti," mama akasema, akainamia pilau yake.

Mimi nilimfuata Zubeda jikoni. Sikupaza sauti.

"Mama mdogo, kijiti gani?"

Hakushtuka hata kidogo. "Usinikasirikie, Ashura. Meza ilikuwa yangu. Mauti yale yalikuja kwangu. Mama yako alikaa tu mahali pangu."

Nikarudi uani, nikaketi karibu na mama.

Mwali akatoka, kabebwa mabegani, mzuri jamani. Mama akamtuza khanga, akapiga vigelegele kama wenzake. Zubeda akaja kumkumbatia, na mama akakubali kukumbatiwa. Mimi niligeuka nikatazama ukuta.

Kila Agosti, siku ile ikifika, mama hutuketisha barazani akatusimulia, mimi na wanangu, nao hunyamaza hata wale watundu. Safari hii tulikaa kama kawaida, yeye hakuanza. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele, kichwa kakielekeza upande wa jicho zima.

"Mama," nikasema, "tuambie basi."

"Kamuulize Zubeda," akajibu. "Mimi nilichomwa na kijiti."