Mama Aliitwa Nesi

Mama alipopata kazi kwa Wazungu wa Kiingereza waliohamia Élisabethville kutoka Rhodesia, alirudi mtaani kwetu amevaa aproni nyeupe. "Madamu anasema miye niko nesi wake," alimwambia baba, aliyekuwa fundi wa reli. Baba alicheka kwa furaha. Kwetu nesi alikuwa mtu wa hospitali, na kesho yake jirani alikuja kuomba dawa ya kikohozi.

Dawa hakuwa nayo. Maziwa ya madamu yalikuwa yamekauka, na mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu wa kiume. Ndiyo sababu alichukuliwa. Kila asubuhi madamu alimsimamia aoshe matiti kwa sabuni kali, kisha akampa mwanawe amnyonyeshe.

"Wako usimunyonyeshe tena," alimwonya. "Utaleta magonjwa. Hii maziwa iko ya huyu."

Akamlaza mama huko huko, katika chumba nyuma ya jiko, aje nyumbani Jumapili tu. Mdogo wangu alibaki nami, nikimlisha uji wa mahindi. Akatapika, akaharisha, akanyauka. Mvua hazijaanza, akafa.

Baba alikwenda kumchukua mama. Madamu aliwasimamisha mlangoni. "Azike, lakini arudi mbele ya saa sita. Mutoto atakuwa na njaa."

Mama alizika blauzi ikiwa imelowa kifuani. Hakulia. Alijifunga kitambaa juu ya blauzi ile, akashika njia ya kwa Wazungu.

Mtoto yule alipoota meno alimng'ata. Mama akapiga ukelele, mtoto akashtuka akalia, na madamu akamfukuza mama saa ile ile, hata blanketi lake asilichukue.

Miaka mingi baadaye, nikisoma kwa masista, mmoja aliyejua Kiingereza alinieleza neno lile la nesi. Lilitoka Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale, na asili yake ni kulisha, kunyonyesha. Mambo ya wagonjwa yaliongezwa baadaye. Nilimweleza mama akichambua matembele.

"Kumbe madamu hakunidanganya," alisema.

Nikamwambia kwamba Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa mtu anayelea chuki moyoni mwaka hata mwaka.

Mama alitupa majani mabovu nje ya mlango.

"Ile nayo nilifanya," alisema. "Mpaka leo haijaacha ziwa."