Siku Nywele za Bwana Zilipoanza Kujikunja

Nywele za sanamu ya Bwana Yesu zilianza kujikunja katikati ya maandamano, mbele ya macho ya mji mzima.

Sikusimuliwa. Nilikuwa hatua mbili nyuma ya machela yake, nimeshika mshumaa uliozimwa na manyunyu.

Kwanza kishungi kimoja karibu na sikio. Kikapanda juu polepole, kama kidole kinachokuita. Kisha kingine. Kisha upande mzima.

"Zinasogea!" mtu akapiga kelele. "Jamani, nywele za Bwana zinasogea!"

Watu wakapiga magoti kwenye matope. Mzee mmoja ambaye hajakanyaga kanisani tangu alipooa alianza kuungama dhambi zake kwa sauti, mkewe amesimama pembeni anasikiliza moja baada ya nyingine.

Mimi peke yangu sikupiga magoti.

Nilijua kinachoendelea.

Zile nywele zilikuwa zangu.

Mnivumilie nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Iraci, Dona Iraci kwa heshima ya huku. Ni mjane, na mimi ndiye ninayetunza kanisa dogo la Bwana wa Mateso katika mji wetu, huku ndani ya jimbo la Bahia, Brazili. Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ni kufagia, kubadilisha maua, kufua kanzu ya zambarau ya sanamu, na kuosha nywele zake kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi.

Sanamu yetu huvaa nywele za watu. Mtu akipata alichomwomba Bwana, hukata zake akampa.

Mume wangu Valdomiro alipougua mapafu, niliweka nadhiri. Sikuomba apone, maana niliona mwenyewe kwamba hapo hakuna kupona. Niliomba aondoke bila kuhangaika, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nikasema, Bwana, ukinipa hilo, nywele zangu zote ni zako.

Akanipa. Valdomiro alifariki Jumanne alasiri, dakika chache baada ya kulalamika kwamba uji wangu hauna sukari.

Ikabaki zamu yangu.

Tatizo lilikuwa nywele zenyewe. Zangu ni za kipilipili, kavu, nzito. Huku kwetu tangu ukiwa mtoto unaambiwa hizo ni nywele mbaya. Na zile za zamani za sanamu zilitoka kwa binti wa mwenye shamba la miwa. Zilikuwa zinateleza kama maji.

Nikajiuliza, mimi nimpelekee Bwana hizi? Si watasema nimemvisha sufi ya godoro?

Nikafunga kitambaa, nikaenda mji mkubwa wa Feira de Santana, mbali na macho ya mji wetu. Huko kuna saluni kila baada ya nyumba tatu.

Binti wa saluni alinipaka dawa ya kunyoosha hadi machozi yakanitoka kwa ule ukali wake. Kisha akapiga pasi, kishungi kwa kishungi, saa tatu nzima. Nilipojiona kwenye kioo nilitaka kumsalimia yule mwanamke.

"Haya nisikilize, mama," akasema. "Siku tatu usiloweshe. Usifunge, usibane, hata nyuma ya sikio usiweke. Ukianza kuosha, tumia shampuu isiyo na chumvi, na usioshe kila siku. Sabuni ya mche usiiguse. Bahari usiisogelee. Mvua ikikukuta, kausha upesi na upitishe pasi."

"Nikifuata yote hayo, zitabaki hivi daima?"

Akacheka mpaka mwenye saluni akageuka.

"Daima ni ya Mungu, mama! Hii ni miezi mitatu. Ukijitahidi sana, minne. Dawa inakaa kama ganda juu ya unywele. Kila ukiosha, ganda linapungua. Halitoki kwa mkupuo, linachoka kidogo kidogo, halafu siku moja unyevu unakuumbua."

"Na nywele zikishakatwa je?"

Akanitazama kama nimemuuliza samaki anavaa viatu namba ngapi.

"Mama, dawa haijui kama nywele ziko kichwani au mezani."

Hilo nililisikia kwa sikio moja. Nilidhani nywele zikishakuwa za Bwana, Bwana mwenyewe atazitunza.

Siku ya nne nikazikata. Mwanzo wa Novemba sanamu ilikuwa imevaa.

Mji ukashangaa. "Dona Iraci! Kumbe miaka yote chini ya kitambaa ulikuwa umeficha nywele za malaika?"

Nikatabasamu. Sikukubali, sikukataa.

Ndugu zangu, huko kutokukataa ndiko kulikonifikisha pabaya.

Kuanzia Novemba hadi Februari nilimwosha Bwana mara nne. Na nilimwosha kwa nini? Kwa sabuni ya mche ya nazi, ile niliyofundishwa na mama yangu, naisugua mpaka povu linasimama. Kisha namwanika juani. Kila nililokatazwa Feira nililifanya, tena kwa heshima kubwa, nikisali.

Ile mara ya nne niliona kisogoni pameanza kuwa na mawimbi. Nikaona, nikanyamaza.

Machi, Kwaresima ikafika. Maandamano, manyunyu, joto la watu, moshi wa ubani. Ganda likaisha pale pale barabarani.

Kesho yake, Jumatatu, foleni ilitoka mlangoni hadi kwa muuza nyama. Watu wanabusu kamba ya kanzu, wanagusa nywele, wanalia. Mama mmoja alitembea kwa magoti kutoka kituo cha basi. Nikamwona anavuja damu, nikageuza uso.

Lakini bado nilijipa moyo. Nikasema, wanasali tu. Kusali kuna ubaya gani?

Ndipo akaingia Dinalva na mtoto wake, Tainá.

Dinalva ni msusi, ana kisaluni nyuma ya soko. Tainá ana miaka saba, na mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Huyo mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi nne za kanisa, midomo inageuka rangi ya zabibu.

Walisubiri upasuaji miaka miwili. Hatimaye waliitwa. Gari la halmashauri lilikuwa liwachukue Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, liwapeleke hospitali ya Salvador, mji mkuu wa jimbo. Asiyefika anarudi mwisho wa orodha.

Dinalva alisimama mbele ya sanamu muda mrefu. Akashika kishungi kimoja, akakiviringisha kidoleni, akakiachia. Kisha akageukia watu.

"Hatuendi Salvador," akasema kwa sauti. "Bwana amesogeza nywele zake kwa ajili ya mwanangu. Ameshamponya."

Watu wakapiga makofi.



Usiku ule sikupata usingizi. Nilishika rozari, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Miaka miwili mingine yule mtoto hana. Daktari alishamwambia Dinalva, nami nilikuwepo.

Jumanne mchana nikafanya ujinga mwingine.

Niliwaza kwamba nywele zikinyooka tena, watu watapoa, Dinalva atapata shaka, ataenda. Nikaazima pasi ya nywele kwa jirani. Nikafunga mlango wa kanisa, nikachomeka waya kwenye soketi ya feni, nikapanda kwenye kiti.

"Nisamehe, Bwana," nikasema, nikambana kishungi cha kwanza.

Kikatoa moshi.

"Dona Iraci."

Nilikaribia kuanguka. Padre Evaldo alikuwa mlango wa sakristia, ule ambao sikuukumbuka kabisa.

"Dona Iraci, unampiga Bwana pasi?"

Nikashuka. Nikamwambia yote. Valdomiro, nadhiri, Feira, dawa, sabuni. Alikaa kwenye benchi ameficha uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Hadi leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

"Jumapili kwenye mahubiri nitawaeleza taratibu," akasema mwishowe. "Taratibu, maana hawa watu wakigeuka watanivunjia madirisha."

"Padre, Jumapili gari litakuwa limeshaondoka."

Akachomoa ule waya, akauzungusha kwenye pasi vizuri, akanikabidhi.

"Basi nenda wewe. Nywele ni zako."

Si rahisi. Mwanamke mwenye miaka sitini na nne, anayepita watu wakainamisha vichwa, kwenda kusema mimi ni mwongo, muujiza wenu umetoka saluni. Jumanne ilipita. Jumatano asubuhi nilifika kona ya soko nikarudi. Nikaenda tena, nikanunua vitunguu nisivyovihitaji, nikarudi.

Saa tisa alasiri nikaingia kwa Dinalva bila kubisha hodi.

Alikuwa peke yake, anafagia nywele chini. Tainá alikuwa chumba cha nyuma anaangalia katuni.

"Dinalva, zile nywele si muujiza," nikasema hata salamu sijatoa. "Zilipakwa dawa ya kunyoosha. Nilifanyiwa Feira kabla ya kukata. Nimeziosha kwa sabuni ya mche miezi minne. Dawa imeisha, basi. Nimekudanganya wewe, nimedanganya mji. Kesho mpeleke mtoto."

Akaendelea kufagia.

Nikadhani hakusikia. "Dinalva, nasema..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Dona Iraci, mimi nashika vichwa vya watu miaka kumi na minane." Akaegemeza fagio ukutani. "Siku ile ulipomvalisha tu, niliona. Zimenyooka mno, zinang'aa kama mfuko wa nailoni, ncha zimeungua. Aliyekufanyia alizidisha moto. Nikasema moyoni, huyu mama mwezi wa tatu hatoboi. Nilikuwa nahesabu."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Mimi, ninayejiona macho yangu hayapitwi na kitu mji huu.

"Sasa kwa nini ulisimama kanisani ukasema..."

"Kwa sababu kila mtu ananiambia nenda!" Sauti ikampasuka, akaishusha haraka, akatupa jicho mlango wa nyuma. "Daktari, nenda. Padre, nenda. Mama yangu, nenda. Hata wewe, nenda, nenda. Hakuna hata mmoja aliyenipa ruhusa ya kuogopa. Watampasua kifua, Dona Iraci. Watausimamisha moyo wake makusudi. Wameniambia nisaini kwamba nimeelewa. Mimi sijaelewa! Nikaona zile nywele zinajikunja, nikasema Bwana angalau hawezi kunibishia. Nikamsemea."

Katuni zilikuwa zinacheka peke yake kule nyuma.

"Na wale watu wakanipigia makofi," akasema. "Unajua nilivyojisikia? Nililala vizuri mara ya kwanza tangu ile simu ya hospitali ipigwe."

Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria. Nilikuwa na maneno ya Injili tayari mdomoni. Nikayameza.

"Mimi nami naogopa," nikamwambia. "Siwezi kukuahidi kitu. Lakini Salvador tutakwenda wote watatu, na ile karatasi nitamwambia daktari akusomee mara kumi mpaka uielewe. Akikataa, nitakaa mlangoni kwake."

"Na kanisa?"

"Kanisa lina Padre, na sasa anajua kuzungusha waya."

Hakuelewa, lakini alicheka. Kisha akalia, akiwa amenishika hiki kichwa changu chenye vinywele vifupi vya kipilipili, kama vile mimi ndiye niliyekuja kusukwa.

"Tainá!" akaita baadaye, bado anafuta pua. "Zima hiyo, njoo tupange nguo!"

Alhamisi saa kumi na mbili tulikuwa kwenye gari.

Upasuaji ulichukua saa sita. Kabla yake, daktari alisoma ile karatasi mara tatu tu. Ya tatu Dinalva akasema basi, nimeelewa, leta kalamu. Tulikaa Salvador siku kumi na tisa, tukilala kwa zamu kwenye kiti kimoja. Tainá alirudi akapanda zile ngazi nne za kanisa bila midomo kugeuka rangi.

Tuliporudi, Padre alikuwa ameshasema. Hakuna dirisha lililovunjwa. Nusu ya watu hawakumwamini, nusu walininunia wiki mbili. Wakubwa wa chama cha kanisa wakataka nywele zipelekwe Feira zikanyooshwe upya. Wanawake wa sokoni ndio waliogoma. Walisimama mlangoni na ndoo zao.

"Ziacheni," mmoja akasema. "Mara ya kwanza namwona anafanana na watu wa kwetu."

Zimeachwa. Sasa namwosha na Dinalva. Sabuni ya mche imepigwa marufuku; tunampaka mafuta ya nazi, tunamkausha kivulini.

Ninyi mnaonyoosha, fuateni masharti ya msusi wenu, na msije mkanilaumu mwezi wa nne. Dawa ina siku zake.

Ila jambo hasa lililonifanya niandike ni hili. Mtu aking'ang'ania muujiza ambao hata yeye mwenyewe hauamini, usikimbilie kubishana naye juu ya muujiza. Muulize anaogopa nini. Ukishamsikiliza, mwambie gari linaondoka saa ngapi.

Na uwe umeshafunga begi lako.