Kikohozi cha Jumapili

Mjomba wangu ni fundi viatu, na tangu nipate akili sijawahi kumwona akisifia nyama iliyochomwa na mtu mwingine. "Hiyo imeungua," husema, au "hiyo bado mbichi," hata kabla hajaonja. Ana maringo, na nasema hivyo huku nampenda.

Kila Jumapili mchana ukoo mzima hujaa uani kwake. Jiko ni pipa lililopasuliwa katikati, alilorithi kwa baba yake pamoja na namna ya kulitumia: chumvi iyeyushwe kwenye maji, makaa yasubiriwe mpaka yavae majivu, na mbavu za mbuzi zisitobolewe kwa kisu. Saa haitazamwi. Harufu ndiyo humwambia mchomaji ageuze lini na aepue lini. Ndivyo alivyofundishwa, na hataki mjadala.

Mkewe hukaa karibu na mlango wa jikoni akikatakata vitunguu na kukohoa. Kikohozi kile kilinikera. Nilimletea dawa, nikamletea asali na tangawizi, akashukuru, na Jumapili iliyofuata akakohoa vilevile.

Mwezi uliopita alisafiri kwenda kumuuguza dada yake. Jumapili nilipofika, makaa yalikuwa tayari, nyama iko kwenye beseni, na Mjomba amekaa tu, koleo mapajani. Watu walishaanza kuingia na njaa zao.

"Mjomba, unasubiri nini? Mbuzi afufuke?"

Hakucheka. Alinivuta kando, nyuma ya kamba ya nguo. "Mpwa wangu, mimi sisikii harufu yoyote. Mwaka wa tatu huu. Gundi ya viatu imeimaliza pua yangu."

"Acha utani. Jumapili iliyopita ulichomaje?"

"Mwenzangu akikohoa mara moja, nageuza. Akikohoa mara mbili, naepua."

"Mlipatana lini?"

"Hatukupatana. Sikumwambia, naye hakuniuliza." Akashusha sauti. "Hawa wakijua, watanikalisha na watoto. Kaka yako ataleta lile jiko lake la umeme, na kazi ya baba yangu itaishia hapo."

Niliona aibu kwa zile chupa zote za dawa. Nikamwambia nitasimama naye, maana nina pua kubwa kuliko wote ukooni, na waliokuwa wakinicheka utotoni leo watakula kwa hisani yake.

Tukapanga mbavu. Nilijifanya napepea moshi. Nilipomgusa kiwiko, akageuza. Nilipomgusa mara mbili, akaepua. Hakuna aliyeshtuka. Watu walikula kimya, na kwa familia yetu huo ni muujiza.

Nilidhani tumemaliza. Mjomba akanisogelea na ubavu mmoja mkononi.

"Mimi napata chumvi tu," alisema. "Chumvi na joto. Hebu niambie, inanukiaje?"

"Inanukia vizuri."

"Hilo hata jirani analijua. Sema sawasawa."

Nimekula nyama hiyo zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuinusa kwa makini hata siku moja. Iliniuma. Yeye alikuwa ananisubiri, ubavu bado hajauuma. Nikauinamia, nikavuta pumzi, nikababaika.

"Polepole," alinielekeza. "Anza na mafuta. Baba naye alinianzishia hapo."