Enzi za Mwingereza: mume wangu alivunjika mguu, nikaachiwa tanuri la vigae

Wakuu, kamwene.

Mimi ni bibi, themanini nimeshaipita, naandika kwa kidole kimoja. Humu naona mnaulizana kiwanda kidogo kinadumuje. Acha niwape yaliyonikuta, chumvi sijaongeza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, tukiishi nje kidogo ya Njombe, njia ya Kifanya. Marehemu mume wangu, Elia, alijifunza kutengeneza vigae vya kuezekea kwa mafundi wa misheni, akaanzisha karakana yake bondeni. Kibanda cha kukaushia, tanuri moja, vibarua watatu. Mkubwa wao alikuwa Yohana, mtu mzima, mchapakazi kweli.

Mimi nilikuwa nalainisha kingo za vigae vibichi, mwanangu Tumaini mgongoni. Sikujiona management, wakuu. Nilijiona mke wa fundi tu.

Halafu ukuta wa tanuri ukamwangukia Elia mguuni. Mfupa ukavunjika. Akawa wa kulala kitandani, mguu umefungwa kwa vipande vya mianzi.

Tukarekebisha ukuta, tukachoma order ya mfanyabiashara mmoja wa Makambako. Alitaka kuezeka kabla ya mvua. Lori lake likaja mapema kuliko tulivyopatana, vigae bado vina moto ndani ya tanuri.

Yohana akataka tufungue tupakie. Nikakataa. Kigae cha moto kikipigwa na upepo baridi wa huku kinapasuka.

Akaenda moja kwa moja kitandani kwa Elia. Nikamfuata, nikasimama mlangoni.

"Kaka, tufungue tusifungue?"

Elia akamtazama, akanitazama mimi. "Muulize Mama Tumaini."

"Lakini kaka..."

"Yohana. Muulize yeye."

Nikasema lisifunguliwe.

Lori likarudi tupu, dereva anatutukana. Nikaenda kulia nyuma ya kibanda. Yohana akanikuta huko. Alichukua ndoo yangu akaenda kunichotea maji.

Tanuri lilipopoa, vigae vilitoka vizima, ukivigonga vinalia vizuri. Lakini habari ikaja kwamba customer ameshaezeka bati.

Nikafunga vigae vichache kwenye kitambaa, nikambeba mwanangu, nikaomba lifti ya lori la mizigo hadi Makambako.

Yule baba alinipokea kwa heshima, ila jibu lake lilikuwa moja: "Mama, nimeshamaliza."

Kabla sijaaga, mvua ikashuka. Wakuu, lile bati! Hatukusikiana tena. Kichanga chao kikashtuka, kikalia, mkewe akakibembeleza mpaka akachoka.

Mvua ilipotulia, mkewe akachukua kigae changu, akakigeuzageuza. Akamwambia mumewe, "Nyumba ya uani bado haijaezekwa. Weka vya huyu dada, tuhamie kulala huko."

Haikuwa order yote. Lakini nilirudi Njombe nikiimba.

Nyumbani, Elia hakuniuliza habari za vigae. Aliuliza, "Umekula?"

Nilipokwisha kula nikamuuliza, "Kwa nini ulimrudisha Yohana kwangu? Je, kama ningekosea?"

"Ungekosea tungechoma vingine," akasema. "Ila ningemjibu mimi, wasingekuuliza tena maisha yako yote. Na mimi si wa milele, mke wangu."

Mguu ulipona, akabaki anachechemea. Siku ya kwanza aliyorudi kazini, Yohana alimsalimia vizuri, kisha akapita kuja kwangu kuuliza tunaanza na nini. Elia alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumwona mwanamume anayefurahi hivyo kwa kupitwa.

Tanuri lile lililea watoto wetu wote, na wa Yohana pia.

Nilichojifunza: udongo mzuri na customer vinatafutika. Kazi hufa pale majibu yote yanapokaa kwa mtu mmoja.

Haya, wenye karakana, wenye mashine za kusaga, wenye cherehani mbili tatu, semeni nami hapa chini. Ukiugua kesho, watu wako watamuuliza nani? Na je, yeye mwenyewe anajua?